Labrador wa kuwinda bata na kuishi na watoto: jinsi ya kumpata mzalishaji wa kuaminika ukiwa Marekani

Mtoto wa Labrador mwenye wiki 8 hawezi kukuonyesha nyonga zake zitakuwaje akifika miaka 2. Hawezi kukuonyesha kama atautoroka mlio wa bunduki, wala kama ataweza kulala sebuleni wakati watoto wanaangalia katuni. Katika umri huo wote wanapendeza, wote wanang'ata kamba za viatu vyako. Kinachosomeka ni wazazi wake, karatasi zao, na mtu aliyeamua wazazi hao wapandishwe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla hujamwona mtoto wa mbwa hata mmoja.

Ninawaandikia hasa wenzetu walioko Minnesota, Wisconsin na majimbo ya Dakota, ambako mwisho wa Septemba msimu wa bata ukifunguliwa utamkuta jirani anapakia boti na mbwa usiku wa manane. Walioko Texas au Louisiana watakuta mambo ni yale yale, ila maji yao si ya barafu.

Hatua ya 1: Malizeni mazungumzo ya nyumbani

Mzalishaji mzuri atakuuliza maswali ambayo familia inapaswa kuwa imeshayajibu. Utawinda siku ngapi kwa mwaka? Nani atakuwa nyumbani mchana? Mbwa atalala wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kwetu. Wengi tuliolelewa bara tumezoea mbwa wa lindo, anayefungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Labrador hafai kwa kazi hiyo, na akiachwa peke yake nje atachimba, atabweka na kutafuna kila anachokifikia. Kwa familia za pwani zinazofuata madhehebu ya Shafi kuna jambo jingine: mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wanyama waliofunzwa kuwinda wametajwa kwa ruhusa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, lakini ruhusa hiyo haimalizi suala la mate kwenye zulia na nguo za swala. Muulizeni shehe wenu, na bibi mwenye nyumba akubali kwa moyo wake, kabla ya simu ya kwanza kupigwa. Kama uamuzi ni kibanda chenye joto nje ya nyumba, mwambie mzalishaji ukweli. Wapo watakaokataa kukuuzia. Afadhali ujue mapema.

Kuhusu aina, kwa anayeanza mimi ningechagua Labrador. Golden Retriever ni mpole na anawinda vizuri, ila manyoya yake marefu hubeba tope na mbegu zote za ziwani, na saratani imewaandama mno, kiasi kwamba mwaka 2012 shirika la Morris Animal Foundation lilianzisha utafiti wa kufuatilia maisha ya zaidi ya Golden 3,000. Chesapeake Bay Retriever, mbwa wa Maryland, anastahimili baridi kuliko wote, lakini ana ubishi na hulinda mali ya bwana wake. Huyo ni wa mtu aliyewahi kufundisha mbwa.

Hatua ya 2: Jua kazi yenyewe, kisha ujue koo

Mbwa wa kuwinda tuliyemjua nyumbani hufukuza sungura au digidigi mpaka amkamate. Kazi ya Labrador ni kinyume chake. Anakaa kimya mafichoni, risasi inalia, anatazama ndege anapoangukia, na hatoki mpaka aambiwe. Kisha anaogelea, anamchukua ndege kwa mdomo laini bila kumponda, na kumleta mkononi. Mchezo wote uko kwenye kujizuia. Ukishalielewa hilo utaelewa kwa nini mbwa mzuri wa kuwinda na mbwa mzuri wa nyumbani anaweza kuwa yule yule: wote wawili wanahitaji kitu kimoja, uwezo wa kutulia wakati damu inachemka.

Ndani ya Labrador kuna koo mbili zilizoachana kwa muda mrefu. Wa maonyesho ni mzito, kichwa kipana, kifua kinene. Wa kazi ni mwembamba zaidi, mrefu wa miguu, mwenye mbio. Wa maonyesho wengi wanapendeza nyumbani, ila baadhi yao wamepoteza hamu ya kuokota ndege. Wa kazi nao wana ngazi zao, na hapo ndipo watu huingia mkenge: wanasikia "bingwa" wakadhani bingwa zaidi ni bora zaidi.

Tazama herufi zinazoandikwa kabla au baada ya jina la mbwa. FC na AFC ni vyeo vya mashindano ya nyikani ya AKC (American Kennel Club, shirika la Marekani linalosajili mbwa), ambako mbwa hushindana wao kwa wao na mmoja tu hushinda. JH, SH na MH ni vyeo vya mitihani ya uwindaji ya AKC, kuanzia ngazi ya chini hadi ya juu; hapa mbwa hapambani na mwenzake, anapimwa kwa kiwango kilichowekwa. HR na HRCH hutolewa chini ya UKC (United Kennel Club, shirika jingine la usajili) kupitia Hunting Retriever Club, na mitihani yao huigiza uwindaji halisi.

Mtoto wa FC kwa FC ni moto. Kwa mkufunzi mwenye shamba na muda ni johari. Kwa familia yenye watoto watatu na zamu za usiku hospitalini ni balaa. Ningetafuta uzao ambao mama ana SH, MH au HRCH, na baba vivyo hivyo. Cheo cha namna hiyo kinaonyesha kwamba mbwa alifundishika na akaweza kukaa kimya kwenye mstari huku mwenzake akitumwa.

Angalia pia cheo ni cha nani. Tangazo linalosema "damu ya mabingwa" mara nyingi lina maana ya babu wa babu. Cheo kinachokuhusu ni cha mama na baba, halafu bibi na babu. Baada ya hapo ni historia.

Hatua ya 3: Afya, ambayo haina mjadala

Hapa usimwonee mtu haya. "Wazazi wamepimwa na daktari" ni sentensi isiyo na maana. Daktari anaweza kuwa alisikiliza moyo na kutazama meno. Unachotaka ni vipimo vyenye namba.

Kwanza nyonga na viwiko. Labrador anakua haraka na ni mzito, na nyonga isiyokaa sawasawa kwenye tundu lake humfanya kilema kabla hajazeeka. Nchini Marekani picha za eksirei hupelekwa kwa Orthopedic Foundation for Animals, OFA, iliyoanzishwa mwaka 1966. Nyonga hupewa daraja Excellent, Good au Fair zikiwa salama. Chini ya hapo kuna Borderline, kisha Mild, Moderate na Severe. Kiwiko ama ni Normal au kina ugonjwa wa daraja la 1 hadi la 3. Cheti cha mwisho hakitolewi kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Maana yake ni rahisi: jike aliyezaa akiwa na mwaka mmoja na nusu alipandishwa kabla mtu yeyote hajapata jibu la mwisho kuhusu nyonga zake. Wengine hutumia PennHIP, ambayo hupima ulegevu wa nyonga kuanzia wiki 16 za umri. Huko namba ndogo ndiyo nzuri.

Usikubali picha ya cheti kwenye simu. Omba jina kamili la mbwa lililosajiliwa au namba yake ya AKC, kisha ufungue tovuti ya OFA utafute mwenyewe, bure. Namba ya nyonga inasomeka hivi: ikianza na LR ni Labrador Retriever, baada ya tarakimu za mfululizo utaona herufi ya daraja, E, G au F, kisha umri wa mbwa kwa miezi siku ya picha, kisha M kwa dume au F kwa jike, na mwisho VPI, yaani chipu au chale ya mbwa ilihakikiwa. Kwa hiyo G26F-VPI ni jike aliyepata Good akiwa na miezi 26, na ndiye yeye kweli.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui: matokeo mabaya hayaonekani hadharani mpaka mwenye mbwa aruhusu kwenye fomu. Mbwa akikosekana kabisa kwenye kumbukumbu, huwezi kujua kama hakupimwa au alipimwa akafeli. Mchukulie kama aliyefeli. Wakati uko hapo, watafute na ndugu wa mama na watoto wake wa uzao uliopita. Jike mwenye Good ambaye ndugu zake watatu wameandikwa Mild ni jike wa kumfikiria mara mbili.

Pili, macho. Daktari bingwa wa macho ya wanyama huyakagua, na cheti chake ni cha miezi 12 tu. Cheti cha miaka mitatu iliyopita ni kumbukumbu nzuri, basi.

Tatu, jeni. Kwa Labrador wa kuwinda ninaanza na EIC, ugonjwa wa kuanguka baada ya kazi ngumu. Mbwa anaonekana mzima, anakimbia, halafu baada ya dakika 5 hadi 20 za kazi kali miguu ya nyuma inalegea, joto la mwili linapanda, na anaweza kuanguka ndani ya maji mbali na wewe. Baadhi hufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzao walitangaza jeni yake, DNM1, mwaka 2008, na tangu hapo kipimo kipo, hivyo hakuna kisingizio. Ongeza PRA-prcd, inayopofusha taratibu, na CNM, inayodhoofisha misuli.

Magonjwa haya matatu yanahitaji nakala mbili mbovu za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Mbwa ni salama, mbebaji, au ameathirika. Mbebaji si mgonjwa, na mzalishaji anayemtumia mbebaji hana kosa, mradi mwenzake awe salama. Hapo hakuna mtoto atakayeathirika. Mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto ana asilimia 25 ya kuathirika, na huo ni uzao wa kuukimbia. Muulize pia kiwango cha damu ya ndugu kwenye uzao. Ndugu wa baba na mama mmoja wakizalishwa ni asilimia 25, mabinamu wa kwanza ni 6.25. Mwenye kujua kazi yake atakupa jibu hapo hapo.

Kwa Golden ongeza moyo, ukipimwa na bingwa wa moyo.

Na rangi? Labrador anayekubalika kwenye kiwango cha AKC ni mweusi, wa njano au wa kahawia; mwekundu wa mbweha ni njano iliyokolea. Wale wa "fedha" wana jeni ya kufifisha rangi, na klabu ya taifa ya Labrador inawakataa. Baadhi yao hunyonyoka manyoya. Mtu anayeuza rangi kwa bei ya juu ameshakuambia anachokitafuta anapopandisha.

Hatua ya 4: Wapi pa kuwatafuta

Mahali bora ni kwenye mtihani wa uwindaji wenyewe. AKC na Hunting Retriever Club huorodhesha tarehe na mahali kwenye tovuti zao, na kutazama ni ruhusa kwa yeyote. Nenda Jumamosi asubuhi na buti za mpira na kiti cha kukunja. Usianze kwa kuuliza nani anauza. Tazama mbwa. Ukimwona jike aliyefanya kazi safi kisha akalala chini ya gari la bwana wake bila kulialia, subiri mwenyewe apumzike, msalimie, muulize mama wa mbwa huyo ni nani. Watu hawa hupenda kuzungumzia mbwa wao kuliko kitu kingine chochote, na ukiwa mgeni mweusi peke yako uwanjani utatazamwa dakika chache za mwanzo, halafu mtu atakuletea kahawa. Wakufunzi wa mbwa nao ni hazina, kwa sababu wanaona mbwa wa kila mzalishaji wakishafika miezi 8 na maneno matamu ya tangazo yakiwa yamekwisha.

Kuna wanaotangaza Labrador kutoka Uingereza kwa sifa ya utulivu. Wengine ni wazuri kweli, ila wadai vipimo vile vile: nyonga kule hupewa alama kuanzia 0 hadi 106 kwa pande zote mbili, na ndogo ndiyo nzuri. Tena, tangu Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani lazima awe na angalau miezi 6, hivyo anayekuahidi mtoto wa wiki 8 kutoka Uingereza anakudanganya.

Hatua ya 5: Simu

Swali lenye faida kuliko yote ni hili: "Kwa nini ulimchagulia jike wako dume huyu?" Mwenye akili atasema kitu kama, "Mama anaona ndege vizuri lakini ana pupa, dume nimemchagua kwa sababu ni mtulivu na nyonga zake ni nzuri kwa vizazi viwili." Mwingine atasema, "Wote wana karatasi za AKC." Karatasi za AKC ni cheti cha nasaba, zinathibitisha wazazi walisajiliwa na si zaidi ya hapo.

Fuatisha na haya: kasoro ya mama ni nini? Mbwa wako mama analala wapi usiku? Nani wana watoto wa uzao uliopita, na ninaweza kuzungumza na wawili au watatu? Nikishindwa kumtunza nimrudishe wapi? Kwa hilo la kasoro, anayesema jike wake hana kasoro yoyote muage kwa adabu. Kwa hilo la kumrudisha, jibu pekee linalokubalika ni "kwangu, wakati wowote."

Akikuhoji sana usikasirike. Wetu wengine huchukulia maswali hayo kama dharau. Mtu asiyekuuliza chochote ila njia ya kulipia hajali mbwa wake anakwenda wapi. Tarajia pia orodha ya kusubiri ya miezi sita hadi mwaka. Mwenye watoto tayari kila mwezi, wa aina nne tofauti, huyo ni kiwanda.

Hatua ya 6: Nenda ukaone

Usitembelee wazalishaji wawili siku moja; virusi vya parvo husafiri kwenye viatu. Dume huenda asiwepo, kwa sababu wengi hutumia dume la mbali, na hilo ni jambo la kawaida. Mama lazima awepo. Asipokuwepo, au ukiambiwa mkutane kwenye maegesho ya Walmart "kukurahisishia safari", rudi nyumbani.

Mtazame mama zaidi ya watoto. Je, anakuja kukusalimia, au anajikunyata? Anaweza kuwa mkonda na chuchu zimelegea, ndiyo uzazi. Lakini macho yawe maangavu na asiwe mkali. Omba atupiwe boya la mazoezi. Atoke kwa hamu, alilete mkononi. Kisha endeleeni na mazungumzo yenu robo saa nzima huku ukimtazama kwa pembe ya jicho. Analala? Au anazunguka, anapandia watu, hawezi kutulia? Hiyo robo saa itakuambia kuhusu maisha ya sebuleni kwako kuliko cheo chochote. Wapeleke na wanao, uone anavyowapokea.

Watoto wa mbwa wawe mahali pasafi, wasikie redio, masufuria na mashine ya kufagia. Kati ya wiki 3 na 12 hivi ndipo mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani. Mzalishaji wa mbwa wa kazi atakuwa ameshawapa bawa la bata wachezee na sahani ya maji wakanyage.

Hatua ya 7: Fedha na mkataba

Uzao wa wazazi waliopimwa na wenye vyeo vya uwindaji mara nyingi huuzwa kati ya dola 1,500 na 3,000 kwa mtoto. Arbuni ni jambo la kawaida. Pata risiti inayosema inarudishwa lini na lini hairudi. Matapeli wa intaneti wana mtindo mmoja: picha nzuri, bei ya chini, malipo kwa kadi za zawadi au Zelle, kisha "ada ya kreti", kisha "bima ya ndege". Dai simu ya video ya moja kwa moja, mama na watoto kwenye picha moja. Bila hiyo utauziwa mbuzi kwenye gunia, na pengine hata gunia lenyewe halipo.

Mkataba usome wote. Dhamana ya nyonga na macho huwa ya miaka 2 au zaidi kidogo, na nyingi huahidi mtoto mwingine badala ya fedha. Fikiria: nani atamrudisha mbwa ambaye watoto wamemlea miaka miwili? Dhamana haichukui nafasi ya vipimo. Usajili wa kikomo wa AKC maana yake watoto wa mbwa wako hawatasajiliwa, lakini mitihani ya uwindaji anaruhusiwa. Kwa familia hauna hasara. Vipo pia vipengele vya kutohasi kabla ya mwaka mmoja. Vina sababu: utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta matatizo ya viungo yakiongezeka kwa mbwa waliohasiwa kabla ya miezi 6, kwa Golden zaidi kuliko Labrador.

Hatua ya 8: Siku ya kumchukua

Mwachie mzalishaji achague, au akupunguzie wabaki wawili. Amewatazama wiki saba. Wewe una saa moja. Mwambie ukweli kuhusu nyumba yako na umwombe wa katikati, si yule anayewakanyaga wenzake wala yule wa pembeni. Wawili wa uzao mmoja usichukue hata kwa punguzo, watasikilizana wao na si wewe.

Ondoka na karatasi za AKC, kumbukumbu za chanjo na dawa za minyoo, nakala za vipimo vya wazazi, na mfuko wa chakula alichokizoea. Mpeleke kwa daktari wa wanyama ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, ambao mara nyingi ni saa 72. Bunduki isikaribie kabisa sasa. Mlio wake huletwa miezi mingi baadaye, kwa mbali, wakati macho yake yote yako kwa ndege.

Akifikisha miezi 24, mpige eksirei wewe mwenyewe hata kama hutampandisha, utume OFA, na kwenye fomu uweke herufi za mwanzo za jina lako panaporuhusu matokeo kuonekana yakiwa mabaya. Mpe mzalishaji nakala. Itamsaidia kuamua kama mama atapandwa tena.